Mwabudu Asili Naye Ni Mtumwa

Katika methali zote za Kiswahili sidhani kama iko iliyotumikishwa zaidi katika siku zetu kuliko hii isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hutajwa arusini, hutajwa bungeni, hutajwa katika mihadhara ya vyuo vikuu, na hutajwa na vijana katika mabishano yao ya usiku juu ya simu za mkononi. Msemaji akiisha kuitaja hukaa kitako kama hakimu aliyekwisha soma hukumu, na wasikilizaji hunyamaza, kwani ni nani apendaye kuitwa mtumwa? Nimeandika makala haya kwa kusudi la kuvunja kimya hicho. Methali yenyewe naiheshimu; lakini wale walioifanya kufuli la mlango wa fikira sina budi kushindana nao, maana wamekuwa wengi, na baadhi yao ni walimu wetu na rafiki zetu.

Ili tusiseme mambo ya hewani, na tuchukue mahali pamoja. Nkowe ni kata ya wilaya ya Ruangwa, katika mkoa wa Lindi. Zamani ilihesabiwa katika Nachingwea, kabla Ruangwa haijawa wilaya ya peke yake. Wenyeji wake ni Wamwera, wakulima wa mtama, muhogo, mbaazi, ufuta na korosho. Mpenzi wa jadi akitafuta mahali pa kunyoshea kidole katika Tanzania, aghalabu huelekeza huku kusini-mashariki, kwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, akasema: tazameni, huku jando na unyago havijafa, huku wazee wangali wazee. Nchi hii hufanywa ghala ambamo, yasemwa, asili yetu imehifadhiwa bila ya kuguswa. Mimi nasema kwamba nchi hii, ikihojiwa vema, ni shahidi wa upande wa pili.

Kabla ya kushindana na mtu yapasa kuieleza hoja yake kwa haki. Mchukue kijana aliyezaliwa Nkowe, akasoma, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akapanga chumba Mbagala. Jirani yake hamjui jina la baba yake. Akiugua hujiuguza, akipata mshahara, mshahara una wenyewe kabla haujafika mkononi. Hakuna amwambiaye lini amekuwa mtu mzima, wala nani amstahi, wala kosa lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Kila asubuhi huamka na mambo mia ya kuamua, na katika yote hayo hana wa kumwuliza. Katika hali hii husikia sauti ikimwambia: wewe si mtu wa chumba, wewe ni mtoto wa ukoo, mambo haya yote yalikwisha amuliwa kabla hujazaliwa, mwanamume anapo mahali pake na mwanamke anapo pake, rudi ukapumzike. Sauti hii ni tamu, na asiyesikia utamu wake ama hajapata kuwa peke yake, ama si mkweli. Chakula inachomkaribisha kijana huyu ni pumziko. Yamwondolea mzigo wa kuchagua.

Tena sauti hii ina ushahidi wa historia upande wake, nami sitauficha. Usasa haukuja kusini kama mgeni abishaye hodi. Chini ya Wajerumani ulikuja kama shamba la pamba la lazima, ambalo watu walilima kwa kiboko wakapata ujira wa kuchekesha. Mwaka 1947 Waingereza wakauleta tena kwa sura ya mradi wa karanga. Matrekta yakashushwa, misitu ya Nachingwea ikaangushwa, reli ikajengwa kutoka bandari ya Mtwara. Na mwaka 1951 mradi ukatupwa, baada ya kula karibu pauni milioni 36 za hazina ya Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata ile reli iling'olewa. Mtu aliyeyaona hayo, au aliyesimuliwa na baba yake, hawezi kulaumiwa akisema kwamba maendeleo ni jambo lijalo kwa kelele, likaharibu msitu, likaenda zake. Anapogeuza uso kuelekea kwa babu zake, ninamfahamu. Nisichokubali ni yale ambayo viongozi wa mawazo haya humwambia akiisha kugeuka.

Na tuanze na neno lao lenyewe, mtumwa, ambalo hulitumia kama tusi na wala hawaliulizi maana yake. Nchi ya Wamwera ililijua neno hili kwa mwili. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pande za ziwa Nyasa ilikatiza kusini hii kwenda Kilwa Kivinje na Lindi, na miongoni mwa mizigo yake walikuwamo watu. Huyu aliyefungwa kongwa hakuwa ameiacha asili yake, alinyang'anywa. Tena hata kama angeikumbuka yote, nyimbo zake, miiko yake na majina ya babu zake mpaka kizazi cha saba, angebaki mtumwa vile vile, maana kilichomfanya mtumwa ni kwamba hakuwa na kauli katika mambo yake mwenyewe. Wengine walimwamulia aende wapi, ale nini, na watoto wake wawe wa nani.

Uko ushahidi mwingine, nao si wa mbali. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule ambaye wanafunzi wa lugha yetu wanamjua kwa vitabu vyake vya Kiswahili, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja kwenda bara. Nia ilikuwa kufika pande za Nyasa, lakini kundi likakaa Masasi, likajenga mji. Watu hawa walikuwa wa makabila mbalimbali, wengi wao wametolewa kwao wangali watoto, wala hawakuwa na mila moja iliyowaunganisha. Kwa kipimo cha mpenzi wa jadi hao ndio watumwa wa kweli, maana hakuna aliyekuwa mbali na asili yake kuliko wao. Lakini walilima mashamba yao, wakaoana kwa hiari yao, wakatoa walimu na mapadre. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alipewa upadre mwaka 1890, akafanya kazi katika nchi hii ya kusini. Waliikosa asili, wakawa huru. Basi methali ikisomwa kama wanavyoisoma wapenzi wa jadi, yavunjwa na mji wa Masasi, ulio jirani tu wa Nachingwea.

Sasa nauliza swali la pili: hiyo asili tunayoitwa kuirudia ni ipi? Nchi hii ya Nkowe na majirani zake imekwisha rudishwa katika asili yake mara nyingi, na kila mara mrudishaji alikuwa mtu mwingine. Mwaka 1925 Sir Donald Cameron alikuja kuwa gavana wa Tanganyika, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Kusudi lililotangazwa lilikuwa kuwatawala Waafrika kwa wakuu wao wa asili, na mpenzi wa jadi wa leo angeyatia sahihi maneno hayo bila ya kubadili nukta. Walakini Wamwera hawakuwa na mfalme wala chifu mkuu. Walikuwa na wakulungwa wa vijiji, kila mkulungwa na watu wake, na watu wasioridhika waliweza kuhama wakaanza makazi mengine. Asili ya namna hii haimfai mtoza kodi. Serikali iliyotafuta wakuu wa asili mahali pasipokuwa nao haikuwa na budi kuwatengeneza, kisha ikawaambia watu kwamba hiyo ndiyo jadi yao. Uchifu ulipofutwa kwa sheria mwaka 1963, palikuwapo katika Tanganyika mahali ambapo jambo lililofutwa kama la kale lilikuwa halijafikia umri wa mtu mzima.

Mrudishaji mwingine alikuwa mtu mwema, na kwa hiyo mfano wake una mafunzo zaidi. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyekuwa askofu tangu 1926 mpaka 1944, hakukubaliana na wamisionari walioliona jando kuwa uchafu wa kipagani. Alilikaribisha kanisani. Sala zikashika mahali pa matambiko, mafunzo yaliyopingana na dini yakaondolewa, na wavulana wa Kikristo wakatiwa jandoni kwa baraka za Kanisa. Nampa sifa yake: alistahi kitu ambacho wenzake walikitemea mate. Lakini tazama matokeo. Alitaka kuhifadhi jamii ya kijiji isivunjwe na fedha, na mji, na kazi za mkataba. Na ili aihifadhi, alilazimika kuibadili. Jando lililotoka mikononi mwake lilikuwa jando jipya. Hata mpenzi wa jadi aliye mwaminifu kuliko wote hawezi kuirudia jadi. Aweza tu kuchagua humo analolitaka, akaacha asilolitaka, na kisha, kama ni mkweli, akakiri kwamba amechagua. Wengi hawakiri. Huficha mkono wao nyuma ya babu.

Mrudishaji wa tatu twamheshimu sote. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alieleza kwamba msingi wa Ujamaa umo katika jamaa ya Kiafrika ya tangu zamani, ambamo kila mtu alifanya kazi na kila mtu alikuwa na haki ya kula. Wazo lilikuwa bora, na sehemu yake kubwa naliunga mkono hata leo. Lakini mwaka 1973 wito ukageuka amri, na kufikia mwaka 1976 watu wa vijijini Tanzania nzima walikuwa wametakiwa kuhamia katika vijiji. Wamwera, waliokuwa wamezoea makazi ya kutawanyika, wakasogezwa pamoja. Waliacha nyuma yao mikorosho, miembe, na makaburi. Angalia ajabu hii: kwa jina la jamaa ya zamani watu walitengwa na makaburi ya jamaa yao ya zamani. Zao la korosho la nchi, ambalo katika msimu wa 1973/74 lilifika kiasi cha tani 145,000, lilianguka mpaka chini ya tani 20,000 kabla ya miaka ya 1980 kwisha. Ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwamo katika sababu, na bei mbaya ilikuwamo. Lakini ilikuwamo pia mikorosho iliyobaki porini mbali na wenyewe. Sisemi kwamba Ujamaa ulikosea kwa kuipenda jadi. Nasema kwamba kuipenda jadi hakukumzuia mtu kutoa amri kama zile za Mjerumani na za mradi wa karanga. Mkulima wa Nkowe alikuwa hajaulizwa katika usasa, na hakuulizwa katika asili.

Hapa ndipo penye kiini cha neno langu. Wapenzi wa jadi hutaka tuyapime mambo kwa umri: hili ni la kale, ni letu, lile ni jipya, ni la kigeni. Mimi nasema kipimo hicho ni kibovu, kwa kuwa hakitofautishi kati ya mtu huru na mtumwa. Kipimo kilicho bora ni kuuliza kama yule atakayefungwa na desturi ana kauli ndani yake. Desturi yenye miaka elfu ambayo wanaoishika hawawezi kuijadili ni kongwa. Na desturi ya jana ambayo watu wameitunga wao kwa wao, wakiwa na uwezo wa kuitangua, ni mali yao.

Kwa kipimo hiki tutafahamu kwa nini wito wa kurudi kwenye mila huelekezwa, mara nyingi mno, kwa watu wale wale. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza operesheni ya kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua, ianze tarehe 1 Januari 1969, kwa ajili ya kulinda utamaduni wa taifa. Wasichana wa Dar es Salaam walisumbuliwa barabarani. Miaka hiyo hiyo Wamasai walikuwa wakilazimishwa kuacha mavazi yao ya jadi na kuvaa suruali, kwa ajili ya heshima ya taifa hilo hilo. Msichana wa mjini aliambiwa avae kwa jadi, Mmasai akaambiwa aiache. Na waliotoa amri zote mbili walikuwa watu walewale, waume, waliovaa wapendavyo. Ukiona jadi yamwomba mwingine ajinyime na haikuombi wewe kitu, ujue kwamba unachokipenda si jadi bali ni amri.

Na katika jambo la wanawake wa kusini uongo umezidi. Husemwa kila siku kwamba katika mila za Kiafrika mtoto ni wa baba, mke huhamia kwa mume, na mali hufuata upande wa kiume. Mila za Waafrika gani? Wamwera na majirani zao kwa desturi walihesabu ukoo kwa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake, na mwanamume aghalabu ndiye aliyekwenda kukaa kwa wakwe zake, akalima huko, akapimwa huko. Sisemi kwamba utaratibu huo ulikuwa pepo ya wanawake, maana mjomba naye ni mwanamume. Nasema kwamba msichana wa Nkowe anapoambiwa na mhadhiri wa mjini arudi katika asili yake ya kukaa chini ya ukoo wa mumewe, anaambiwa arudi mahali ambapo bibi yake hakupata kukaa. Serikali yenyewe ilisaidia kueneza kosa hili. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, zilizotokana na kazi ya Hans Cory, zilikuwa za makabila yafuatayo ukoo wa baba. Humo yaandikwa kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe, ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Tangu hapo mtu akisema sheria ya mila, fikira huenda kwenye karatasi hizo, na watu wa ukoo wa mama husahauliwa, kana kwamba wao si Waafrika.

Sasa nimsikilize mpinzani wangu aliye hodari kuliko wote. Hoja yake ilikwisha andikwa mwaka 1938, katika kitabu ambacho Jomo Kenyatta alikitoa London baada ya kusoma kwa Malinowski. Wamisionari walikuwa wakipiga vita tohara ya wasichana wa Kikikuyu, na ugomvi ulikuwa umelipuka mwaka 1929. Kenyatta alijibu kwamba mila za watu ni nguo moja iliyofumwa; tohara imefungamana na rika, rika na utawala, utawala na ardhi; ukichomoa uzi mmoja nguo yote itafumuka. Jibu hili lilikuwa na ushujaa wake mbele ya wakoloni waliokuwa wamechukua ardhi na kutaka sasa kuamuru hata mwili. Walakini katika ugomvi ule wazungumzaji walikuwa wamisionari upande mmoja na viongozi wa kiume upande mwingine, na mwili uliozungumzwa ulikuwa wa msichana. Tena hoja ya nguo moja haithibitiki. Watu wa kusini wamechomoa nyuzi nyingi na kutia nyingine, na nguo wangali wameivaa. Baada ya Vita vya Maji Maji Uislamu ulienea kwao kwa kasi. Ukaingia jandoni na kwenye mazishi, ukakaa pamoja na ukoo wa mama ijapokuwa faraidhi zake zasema mengine. Palikuwa na mvutano, lakini watu hawakuacha kuwa Wamwera.

Hivyo Vita vya Maji Maji vyenyewe ni mfano ambao wapenzi wa jadi huudai kuwa wao, nami naudai urudi. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akaanza kugawa maji ya dawa. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete, na kabla ya mwezi wa Agosti kwisha moto ulikuwa umefika kwa Wamwera, na misheni ya Wabenedikto ya Nyangao ikashambuliwa. Yasemwa kwamba watu walirudi kwenye asili yao. Hapana! Dawa ya maji ilikuwa ya zamani, nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba. Lakini dawa moja ya kuwaunganisha Wamatumbi, Wamwera, Wangindo na wengine ambao hawakupata kuwa chini ya neno moja, hilo halikuwa la zamani hata kidogo. Walichukua chombo cha babu wakakitia kazi ambayo babu hakuijua, kwa kuwa adui alikuwa mpya. Maji hayakuzuia risasi, na vita na njaa iliyofuata viliua watu maelfu kwa maelfu. Kosa lao katika dawa tunalijua. Lakini fikira zao zilikuwa fikira za watu huru: walijiuliza wenyewe la kufanya, wakaamua wenyewe, na waliwatii wazee wao kwa kuongeza juu ya kazi yao.

Fikira za namna hiyo hazijafa. Siku hizi, katika nchi za kusini, watoto hutiwa jandoni na unyagoni wakati wa likizo za shule. Babu zetu hawakuwa na likizo wala shule. Basi wako watu waliokaa vikao, manyakanga kwa wazazi, wakapima, wakaona kwamba mtoto hawezi kukosa darasa na hawezi kukosa kumbi, wakaisogeza desturi ifuate kalenda ya Wizara ya Elimu. Hawakuomba ruhusa kwa mtaalamu wa utamaduni, wala hawakujiona watumwa. Mpenzi wa jadi wa mjini, ambaye hulipa makungwi waje kuimba katika kicheni pati ya binti yake kisha akarudi kuhutubu juu ya mila zisizobadilika, hajui kwamba wenye mila walikwisha zibadili.

Nami siwasifu manyakanga ili niwaache bila swali. Wasichana wengine hupelekwa unyagoni wakiwa bado wadogo mno, wa darasa la pili au la tatu, wakafundishwa mambo ya ndoa kabla ya miili yao kuwa tayari, na zamani unyago ulingoja mwili upevuke. Akiguswa jambo hili mtetezi husema: ni mila. Lakini hii ndiyo iliyo mpya! Ni jambo la kujadiliwa barazani na watu waliomo, na wasichana wenyewe wakiwamo, wale waliokwisha pita na wakumbukao walivyofundishwa na lililowapata baadaye.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa afikie 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Serikali, katika utetezi wake, ilitegemea hoja kwamba sheria ile ilikuwa mapatano kati ya mila na dini za nchi. Mapatano ya nani na nani? Hakuna msichana wa miaka 15 aliyekaa katika mapatano hayo. Huu ndio mfano ulio wazi wa lile ninalolipinga: mila hutajwa, mlango hufungwa, na yule aliye nje ndiye atakayebeba mzigo.

Najua nitaambiwa kwamba nataka tuwe Wazungu weusi. Sitaki. Nataka tuwe kama wale wakulungwa ambao watu wao waliweza kuwahama. Kijana wa Mbagala niliyemtaja mwanzoni ana haki ya ukoo, na kabila, na ngoma, na mazishi yenye watu. Upweke wake si jambo la kufanyia mzaha, na wanaomdharau kwa kutamani nyumbani humtupa katika mikono ya wale wanaompa pumziko kwa bei ya akili yake. Lakini akirudi Nkowe arudi kama mrithi. Mrithi huingia shambani kwa baba yake akatazama: mkorosho huu unazaa, na upaliliwe, huu umeliwa na ugonjwa, na ukatwe, hapa pana nafasi, na pandwe mwingine. Anayeingia na kupiga magoti mbele ya kila mti, uliokufa na ulio hai, na kumkemea dada yake aliyeshika panga, huyo hakurithi shamba. Shamba limemrithi yeye.

Kwa wanafunzi na wanazuoni wenzangu nina ombi moja. Mara nyingine mtu atakapoitaja ile methali katika majadiliano yenu, msinyamaze. Mwulizeni asili ipi, ya mwaka gani, ya ukoo wa mama au wa baba, na nani alikuwapo ilipoamuliwa. Akiweza kujibu, mtakuwa mmejifunza kitu kwake. Na akikasirika, mtakuwa mmejifunza pia.